Baba Alianguka na Baiskeli

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne, niliposema uongo wangu wa kwanza mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Ilikuwa Aprili, na Aprili ya Kyela ni maji matupu. Mto Mbaka ulikuwa umejaa, majaruba ya mpunga yamegeuka ziwa, na njia ya kwenda zahanati tuliipita tukiwa tumekunja nguo hadi magotini. Baba alikuwa anasukuma baiskeli kwa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameufunga kwa kipande cha kitenge cha mama, ameubana kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Imekuwaje?" nesi akauliza.

Baba akaangalia sakafu. Nikajibu mimi.

"Baba alianguka na baiskeli."

Nesi akachungulia nje ya mlango. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mwembe, Phoenix nyeusi ambayo baba aliifuta kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta. Madigadi yalikuwa yamenyooka. Taa ilikuwa nzima.

"Mbona yenyewe haina hata mkwaruzo?"

"Iliangukia kwenye majani," nikasema.

Akaandika. Hakuuliza tena. Baadaye sana nilielewa kwamba uongo ule ulitupunguzia pia safari. Jeraha la kupigwa linataka fomu ya polisi, ile PF3, na polisi watataka kujua nani aliyepiga. Mtu aliyeanguka na baiskeli kwenye matope ya kijijini kwao hapelekwi polisi. Anafungwa mkono, anapewa vidonge, anarudi nyumbani.

Baba hakuanguka. Mama alimpiga kwa mchi wa kutwangia.

*

Ningependa niseme kwamba mama alikuwa mlevi, au mtu mbaya, ili msomaji ajue aweke wapi hasira zake. Hakuwa hivyo. Alikuwa mwanamke mwenye kicheko kikubwa, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani kwetu, mwuza mchele na usipa sokoni Ipinda, ambaye wanawake wenzake walimkimbilia wakiwa na msiba. Alitusomesha watoto wanne. Akikupikia mbalaga, ndizi zimelainika na maharage yamekolea, unasahau kwamba jana yake ulijificha chini ya kitanda.

Siku ya mchi, kosa la baba lilikuwa kumkopesha mdogo wake fedha za magunia mawili ya mpunga bila kumwambia. Lilikuwa kosa kweli. Mpunga ule mama aliupanda na kuupalilia akiwa na mtoto mgongoni. Siku nyingine kosa lilikuwa dogo zaidi: amechelewa, amejibu, hakujibu. Alitumia kilichokuwa karibu. Mwiko. Kuni. Sufuria. Mara moja maji ya moto, ambayo kwa bahati yalimpata begani tu. Baba alikuwa mrefu kuliko yeye na mwenye nguvu kuliko yeye, mtu wa kubeba gunia la kakao peke yake, lakini mama alipoanza, baba alikunja mikono kichwani na kukaa hivyo mpaka mvua ipite.

Na mvua ilipopita, mama alichemsha maji tena, akachovya kitambaa, akamkanda. Mikono ileile. Sisi watoto tulikuwa upande wa pili wa ukuta, tukisikia maji yakikamuliwa kwenye beseni na mama akisema kwa sauti ya chini, "Pole, baba. Pole." Sauti ya beseni lile niliiogopa kuliko sauti ya mchi, kwa sababu ilimaanisha kwamba kesho hakuna atakayesema kitu.

*

Mkono ulichukua wiki nyingi kupona, na haukunyooka vizuri. Wiki hizo ndizo zilizomletea baba jina.

Kijijini kwetu wanaume walikutana jioni kwenye kimpumu. Pombe ile ya ulezi inanywewa kwa mirija, watu wamekizunguka chungu kimoja, na chungu kimoja hakifichi habari. Sijui nani alianza. Najua tu kwamba siku moja nilimfuata baba kumpelekea ufunguo, na nikiwa bado nyuma ya migomba nikasikia mtu akisema, "Karibu Baba Baiskeli! Leo hujaanguka?" Wakacheka wote. Baba naye akacheka. Akavuta kigoda, akakaa, akapokea mrija.

Jina lilikaa. Watoto wenzangu shuleni waliniita Binti Baiskeli bila hata kujua kwa nini. Mimi nilijua. Jina lilitoka kwenye kinywa changu, pale zahanati. Kijiji kizima kilijua kwamba maneno yale ni uongo, na kijiji kizima kiliyachukua hivyohivyo kwa sababu yalichekesha.

Baba mkubwa alikuja mara moja kuzungumza. Walikaa chini ya mkakao, mimi nikijifanya nachambua mchele. Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa amekasirika, lakini hasira yake haikuwa kwa mama.

"Wewe ni mwanamume gani?" akamwambia. "Mpige mara moja tu. Mara moja. Atatulia maisha."

Baba akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilimwona mama akipigwa. Na wewe ulimwona. Alitulia?"

Baba mkubwa akaondoka bila kunywa maji. Mazungumzo yale ndiyo pekee niliyowahi kuyasikia kati ya baba na mtu mwingine kuhusu jambo lile, na yaliisha kwa sababu ushauri uliopo ulikuwa mmoja tu. Mwanamume aliyepigwa alikuwa na njia mbili: kupiga au kuchekwa. Ya tatu haikuwa na jina.

Chuoni nilisoma habari za Wanyakyusa wa zamani katika kitabu cha Monica Wilson, *Good Company*, kilichochapwa mwaka 1951 kutokana na utafiti alioufanya kwetu miaka ya 1930. Aliandika jinsi wavulana walivyoondoka kwenye nyumba za wazazi wao wangali wadogo, wakajenga kijiji chao pamoja, rika moja, wakaoa na kuzeeka humo. Nilisoma usiku, nikamfikiria baba. Nikawaza kwamba mtu aliyezungukwa na rika lake pengine angepata mmoja wa kumwambia ukweli. Halafu nikakumbuka chungu cha kimpumu. Rika alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa pale, kila mtu na mrija wake.

*

Baba aliondoka nikiwa kidato cha pili. Hakukuwa na ugomvi siku hiyo. Alifunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akaufunga kwenye keria ya Phoenix, akaelekea Matema kwa dada yake, chini ya milima ya Livingstone. Shamba la kakao alituachia. Nyumba alituachia. Mahari ya ng'ombe ambayo ukoo wake ulitoa hakuna aliyeitaja.

Kijijini habari ikawa nyepesi: mwanamume ametelekeza mke na watoto wanne. Mama alisema hivyo sokoni, na sidhani kama alihisi anadanganya. Kanisani tuliombewa kama familia iliyokimbiwa na baba. Nilifumba macho na kusema amina.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu Mbeya mjini, nilisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 66 kinasema kwamba, hata kama mila zinasema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Nilikisoma mara tatu. Hakisemi mume. Hakisemi mke. Kinasema mwenzi. Kifungu cha 107 nacho kinahesabu ukatili, wa mwili au wa moyo, kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, na kinamhesabia yeyote kati ya wawili. Sheria ilikuwa imempa baba mlango tangu kabla sijazaliwa. Lakini ili aingie, ilibidi apite kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, akae mbele ya wazee wale wale wa kimpumu, na aseme kwa mdomo wake: mke wangu ananipiga.

Leo kuna dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na mwanamume anaruhusiwa kulifikia kama mwanamke. Lakini mpango kazi wa taifa wa kupambana na ukatili, ule tulioujua kwa jina la MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, unataja tangu kwenye jina lake wanawake na watoto. Sina ugomvi na jina hilo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Mimi ni mwalimu. Wanawake hao nakutana nao kwenye vikao vya wazazi, wamejifunga mtandio mpaka kwenye jicho. Mtu akitaka kumtumia baba yangu kama fimbo ya kuwanyamazisha, simpi.

Ila maswali yale, kwetu, waliulizwa wanawake. Wenzetu wa Kenya mwaka 2014 waliwauliza na wanaume. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuolewa, 39 katika 100 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenzi. Miongoni mwa wanaume, 9. Ni pengo kubwa na halifichiki. Lakini tisa si sifuri. Na huko huko Kenya, miaka miwili kabla, picha za wanaume wa Nyeri waliojeruhiwa na wake zao zilipotoka magazetini, nchi mbili tatu zilicheka. Hapa kwetu pia tulicheka. Kwenye chumba cha walimu mwenzangu mmoja alisoma habari ile kwa sauti, akiigiza. Nilicheka na mimi. Nilicheka kama baba alivyocheka akipokea mrija.

*

Sasa niseme sehemu ambayo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Mume wangu ni mtu mpole. Miaka minne iliyopita, mwezi Novemba, alitoa fedha za ada kwenye simu akampa rafiki yake aliyeahidi kuzirudisha baada ya siku tatu. Siku tatu zikawa wiki tatu. Nilijua usiku, nikiwa nimesimama mezani na chupa ya chai mkononi. Nilimwuliza. Alinyamaza. Nikamwuliza tena. Akaangalia sakafu.

Ni kule kuangalia sakafu. Sijui nieleze vipi. Nilimwona baba, na badala ya huruma ikanijia hasira ambayo sikujua kama ninayo, kubwa, ya zamani, kama imekuwa ikinisubiri ndani ya nyumba muda wote. Chupa ilimpata juu ya sikio. Ilikuwa ya chuma. Alikunja mikono kichwani.

Nilisimama pale nikitazama damu ikishuka kwenye kola yake, na jambo la kwanza mwili wangu ulilotaka kufanya, kabla ya akili kusema lolote, lilikuwa kuchemsha maji.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mlangoni. Alikuwa na miaka saba. Hakulia. Alimtazama baba yake, akanitazama, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia:

"Mama, tukiulizwa tuseme nini?"

*

Tulikwenda hospitali usiku huohuo kwa bajaji. Daktari alikuwa kijana. Alisafisha jeraha, akahesabu nyuzi, kisha akachukua kalamu.

"Imekuwaje?"

"Nimejigonga kwenye..." mume wangu akaanza.

"Mimi nimempiga," nikasema.

Kalamu ikasimama. Daktari akatutazama mmoja mmoja, halafu akatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja wenzake wamalizie utani. Hatukumalizia. Tabasamu likaondoka taratibu. Akaniuliza nilitumia nini. Nikamwambia. Akaandika. Alituambia kuhusu PF3, akatueleza pa kwenda, akamwuliza mume wangu kama anaogopa kurudi nyumbani na mimi. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyowahi kusikia akiulizwa mtu. Mume wangu alikaa kimya muda mrefu sana.

"Leo, ndiyo," akasema.

Alikwenda kulala kwa dada yake. Wifi yangu alikuja kesho yake, akanitukana kwa haki, akakaa, akanywa chai, akanitukana tena. Tulianza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii, kwanza kila mtu kivyake, kisha pamoja. Mume wangu alirudi nyumbani baada ya miezi miwili. Polisi hakwenda, alisema hilo ni uamuzi wake na mimi nisimshukuru kwa hilo. Sijawahi kuinua mkono tena. Siandiki hivi ili nipigiwe makofi. Baba naye kwa miaka kumi na tano hakuinua mkono hata siku moja, na hakuna aliyempigia makofi. Walimpa jina.

*

Likizo iliyofuata nilishuka Kyela. Mama ni mzee sasa, anasumbuliwa na magoti, lakini kakao yake anaichachusha mwenyewe, siku sita chini ya majani ya migomba, na bei za mnada anazijua kuliko makatibu wa chama. Nilimwambia nilichomfanyia mume wangu. Alisikiliza huku akigeuza punje kwenye turubai.

"Nilikuwa nachoka," akasema baada ya muda. Hakuwa amejibu swali langu, kwa sababu sikuwa nimeuliza. "Kila siku nachoka. Na yeye ananyamaza. Nikawa nataka aseme kitu."

"Ukanifundisha nikadanganye zahanati," nikasema. Nilikuwa nimelibeba miaka mingi, likatoka kama jiwe.

Mama akasimamisha mikono. "Mimi? Mimi sikukwambia kitu siku ile. Nilikuwa jikoni nalia. Muulize baba yako."

Jumamosi nikaenda Matema. Barabara sasa ni ya lami, na mwendo uliomchukua baba siku nzima na baiskeli nilimaliza kabla dereva hajarudia wimbo. Nilimkuta Lyulilo, kwenye soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi walikuwa wameshusha mizigo yao kutoka kwenye mitumbwi, vyungu vimepangwa mchangani, vyeupe na vyekundu, vingine bado vina majani ya safari. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya kimoja, anakigonga kwa kidole na kusikiliza. Alitumia mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala gotini, umepinda vilevile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Ndaga. Umekuja na njaa?"

Tulinunua mbasa wa kuchoma, tukakaa kwenye mzizi wa mwembe tukitazama ziwa. Upande wa kushoto milima ilikuwa imeingia majini moja kwa moja, bila ufukwe, kama kawaida yake. Nilimwambia kuhusu chupa ya chai. Nilitegemea anikasirikie. Aliniuliza tu, "Mumeo yuko salama?" Nikasema yuko salama. "Watoto walimwona?" Nikasema mmoja. Akatikisa kichwa.

Kisha nikamwomba msamaha kwa jina. Kwa Baba Baiskeli. Nikamwambia kwamba nilijua limetoka kwangu.

Alishangaa. Aliweka samaki chini kwenye jani.

"Mwanangu, yale maneno nilikupa mimi. Hukumbuki? Tulipokuwa tunavuka maji. Nilikwambia, tukifika wataniuliza, na mimi sitaweza kusema. Sema wewe. Nikakusemesha mara tatu mpaka ukaweza. Na lile la majani," akacheka kidogo, "lile ulilitunga mwenyewe. Nilikusikia nikasema, huyu mtoto ana akili."

Nilijaribu kukumbuka. Maji yapo, baiskeli ipo, kitenge kipo. Sauti yake haipo. Mahali ilipokuwa niliweka ya mama, kwa sababu ilikuwa rahisi kumlaumu yeye kwa kila kitu cha siku ile.

"Kwa nini hukusema mwenyewe?" nikamwuliza.

Alifikiri. Mtumbwi mmoja ulikuwa unasukumwa kurudi Ikombe, mtupu, mwepesi, wanawake wawili ndani.

"Ningesemaje?" akasema. "Nilikuwa sijawahi kumsikia mwanamume yeyote akisema."

Tulimaliza samaki. Aliinuka, akarudi kwa yule mama wa vyungu, akalipia kile alichokuwa akikigonga. Kilikuwa kizito. Nilitaka kumpokea, akakataa; akakiweka kiunoni, akakizungushia mkono wa kushoto, ule uliopinda, na mkono ule ukakizunguka sawasawa.

"Ukirudi Mbeya," akaniambia njiani, "yule mtoto aliyeuliza aseme nini. Mlimjibu?"

Nikasema bado.

"Mjibuni," akasema.